Usiongee na ubao

Kwa walimu wenzangu wenye darasa la wanafunzi 70 na kuendelea: ukishika chaki, funga mdomo. Andika mstari, geuka, tafuta macho ya mwanafunzi wa dawati la mwisho, ndipo useme. Ukiongea huku umewapa mgongo, sauti inagonga ubao na wa nyuma wanaambulia mvumo tu. Zile s, f na t, zinazotofautisha neno na neno, ndizo za kwanza kupotea. Tena anayenakili hasikilizi, hata akitikisa kichwa. Mwanzoni utakiona kimya hicho kirefu mno, lakini kwao ni nafasi ya kumalizia kuandika. Na koo litakushukuru ikifika kipindi cha saba.

Kwenye hesabu njia hii inakwama, maana hatua za kukokotoa zinataka kusemwa zikiandikwa. Hapo simama kiubavu, bega moja ubaoni, uso kwa darasa, na utaje hatua moja moja. Mvua ikianza kupiga bati, usishindane nayo: wape zoezi, upite kati ya madawati.