Namna ya kupuliza dawa ukoko majumbani pale mbu wameshakuwa sugu

Anofelesi jike, mbu anayeeneza malaria, akishanyonya damu huwa mzito, akatua ukutani kupumzika. Dawa ukoko, yaani ile inayopulizwa ukutani ikabaki hapo kwa miezi, humvizia hapo, kupitia miguu yake. Kwa hiyo kazi hupimwa kwa dawa iliyokaa juu ya kila mita ya mraba ya ukuta. Harufu iliyojaa chumbani haipimi kitu. Mwongozo huu ni wa viongozi wa vikosi na wapulizaji wanaofanya kazi chini ya wilaya. Mwenye nyumba asichukue dawa ya nyanya au pamba akajipulizia chumbani anamolala mtoto.

Dawa ipi

Parethroidi, zile zilizomo kwenye vyandarua, zimezoeleka kwa mbu wengi wa Uganda. DDT nayo hugonga mshipa uleule wa fahamu, basi aliyetoka parethroidi akaenda DDT amebadilisha kopo tu. Ndiyo maana wilaya za kaskazini zilihamia bendiokabu, dawa ya kundi jingine, kuanzia 2010. Upulizaji ulipokoma huko 2014, malaria ilirudi kwa kishindo mwaka uliofuata. Tororo, wilaya ya mashariki, nayo ilianza na bendiokabu mwisho wa 2014, ikaenda Actellic, dawa ya kundi jingine tena, 2016, na 2020 ikaingia dawa za klothianidini, kundi jipya zaidi. Baadaye wagonjwa waliongezeka tena, na Anopheles funestus, aina mojawapo ya anofelesi, akashika nafasi ya mbu mkuu. Basi usitegemee historia ya wilaya jirani. Pima mbu wa kwako kabla ya kuagiza.

Kipimo cha kawaida huwaweka mbu na dawa kwa saa moja, kisha huhesabiwa baada ya saa 24. Wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa bado ina makali. Chini ya 90, usugu umethibitika. Klothianidini ina utaratibu wake, wa kuweka mbu ndani ya chupa iliyopakwa dawa, maana huua polepole.

Kuchanganya

Tangi la lita 7.5 limekusudiwa kufunika mita za mraba 250. Kwa Actellic 300CS ni kopo moja la mililita 833, sawa na gramu 1 ya kiini (sumu yenyewe) kwa kila mita ya mraba. Kwa dawa za klothianidini, SumiShield ni pakiti moja ya gramu 150, Fludora Fusion pakiti moja ya gramu 100. Usigawe pakiti ili "ifike mbali". Nusu ya dozi huua mbu dhaifu na kuwaachia sugu nafasi ya kuzaliana.

Chuja maji kwa kitambaa. Tia maji nusu tangi, tikisa kopo la Actellic kwa nguvu kabla ya kulifungua, mimina, kisha lisuuze mara tatu. Maji ya kusuuzia yaingie tangini. Jaza hadi alama, funga, tikisa. Rudia kutikisa kila unapohamia nyumba nyingine, kwa sababu dawa hutuama chini: nyumba ya kwanza hupata nzito, ya mwisho hupata maji.

Pampu

Pima nozeli, kichwa cha kutolea dawa, kila asubuhi kwa maji matupu. Nozeli ya aina ya 8002E yenye vali ya kusawazisha shinikizo, bar 1.5, hutoa mililita 550 hadi 580 kwa dakika. Kinga kwenye jagi lenye alama, tazama saa. Ikizidi kiwango cha nozeli mpya kwa asilimia 10, tundu limelika; itupe. Ikiziba, isafishe kwa brashi laini. Waya hutanua tundu, na kuipuliza kwa mdomo ni kuilamba sumu.

Ukutani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ncha ya fimbo ikae sentimita 45 kutoka ukutani, ikichora mkanda wa sentimita 75, na kila mkanda ufunike ukingo wa mwenzake kwa sentimita 5. Mwendo ni mita moja kwa sekunde 2.2, yaani ukuta wa mita mbili huchukua sekunde nne na nusu hivi. Mkanda mmoja unapanda, hatua moja pembeni, unaofuata unashuka.

Mkono haujifunzi mwendo huu kwa maelezo. Chora mistari ya chaki kwenye ukuta wa shule, weka maji tangini, mpulizaji ahesabu kwa sauti huku mwenzake ameshika saa. Kufikia saa saba mchana, jua kali na kioo cha uso kimejaa jasho, mkono huanza kukimbia. Tangi likibaki na dawa nyingi baada ya nyumba zilizohesabiwa kwisha, mkono umekimbia; likiisha mapema, umezubaa au vali inavuja. Kiongozi alinganishe matangi na nyumba siku hiyohiyo.

Anza mlangoni, zunguka chumba upande mmoja, umalizie ulipoanzia. Usisahau nyuma ya mlango, chini ya kitanda na meza, na pale ukuta unapokutana na paa. Kwenye nyumba ya msonge, nyasi za paa kwa ndani nazo hupulizwa. Chumba chenye mgonjwa asiyeweza kutolewa, kiache.

Kwa mwenye nyumba

Chakula, maji, vyombo na kuku vitoke nje. Vizito visogezwe katikati, mita moja kutoka ukutani, vifunikwe kwa nailoni. Mvua ikitisha, ahirisha. Baada ya kupuliza nyumba ifungwe kwa muda wa saa mbili, kisha madirisha yafunguliwe nusu saa. Sakafu ifagiliwe, na wadudu waliokufa watupwe chooni kabla kuku hawajawadonoa.

Kuna neno la kusema mapema, hasa kwa klothianidini: "Mama, usiku wa leo mbu bado utawaona. Wakishagusa ukuta watakufa polepole, pengine baada ya siku kadhaa." Usiposema hivyo, kufikia kesho kijiji kizima kitanong'ona kwamba serikali imeleta maji. La pili ni kukandika. Tope jipya la kupamba nyumba kwa Krismasi huzika dawa yote. Nyumba ikandikwe kwanza, ikauke, ndipo ipulizwe.

Mpulizaji mwenyewe

Ovaroli ya mikono mirefu, glavu za nitrili, gambuti, barakoa, kofia yenye kioo cha uso. Asile wala kuvuta sigara kazini, na ovaroli ifuliwe kituoni, isipelekwe nyumbani. Actellic ikimwingia, dalili ni jasho jingi, mate kutoka, macho kubana mboni. Mvue nguo, mwoshe kwa sabuni, mpeleke kituo cha afya pamoja na lebo ya dawa. Maji ya kusuuzia pampu hutumika kuchanganyia kesho, na ya mwisho humwagwa kwenye shimo la kufyonzea, kamwe si kwenye mto au bwawa la mpunga. Klothianidini huua nyuki pia, kwa hiyo uliza mizinga iko wapi kabla ya kufungua tangi.

Kukagua

Kila mwezi bandika koni (vikombe vya plastiki) zenye mbu wasio sugu kwenye kuta chache, za tope na za matofali, kwa dakika 30. Hesabu vifo baada ya saa 24. Kwa klothianidini endelea hadi saa 72 na zaidi, la sivyo utaihukumu dawa nzima kimakosa. Vifo vikishuka chini ya asilimia 80 katika mwezi wa pili baada ya kupuliza kwenye ukuta wa nyumba chache tu, rudi ukamtazame aliyezipuliza. Vikishuka kila mahali kwa pamoja, dawa yenyewe imechoka ukutani. Na koni zikiua vizuri huku mbu wa usiku wakiendelea kujaa, kamata wa hapo kijijini uwapime: huenda usugu umeingia, au ni Anopheles arabiensis anayeuma nje, karibu na ng'ombe, asiyegusa ukuta wako hata kidogo.