Kupima mng'ao wa nyotamkia: legeza fokasi ya nyota

Ukifuatilia nyotamkia usiku baada ya usiku, usiilinganishe moja kwa moja na nyota za jirani. Itazame kwanza kwa darubini ya macho mawili, ukariri mng'ao wa wastani wa kichwa chake. Kisha legeza fokasi mpaka nyota yenye magnitudo (kipimo cha mng'ao) inayojulikana itanuke kufikia ukubwa uleule wa kichwa hicho, ndipo ulinganishe. Nuru ya nyota imekusanyika kwenye nukta, ya nyotamkia imetawanyika. Usipoitanua nyota, jicho litaiona nyotamkia hafifu kuliko ilivyo. Bora zaidi ni nyota mbili, moja inayoizidi nyotamkia mng'ao kidogo na nyingine inayozidiwa nayo. Mbinu hii hukwama kiini, yaani katikati ya kichwa, kikiwa kikali mno, maana wastani haukaririki. Karibu na upeo wa macho, tumia nyota za kimo kilekile na nyotamkia tu: hewa ya huko hula nuru nyingi.