Namna ya Kumtambua Mwenye Mamlaka Ndani ya Mradi wa Ubia

Mtumishi wa umma anayepangiwa kazi katika mradi wa ubia baina ya Serikali na sekta binafsi, mfano wa uendeshaji wa bandari ya Malindi, Zanzibar, uliokabidhiwa kampuni ya Africa Global Logistics mwaka 2023, aisome chati ya uongozi kisha aiweke pembeni, kwani haimuoneshi nani anayeweza kuchelewesha jambo bila ya kuulizwa.

Aanze na mkataba, hasa vifungu vya idhini: nani anaidhinisha mabadiliko ya kazi, ndani ya siku ngapi, na ukimya unahesabiwaje. Ipo mikataba inayochukulia kutojibu kwa wakati kuwa ni kukubali, kwa hivyo barua iliyolala mezani kwa katibu muhtasi huwa imeshajibu kwa niaba ya Serikali. Wizarani faili hupanda ngazi kwa ngazi likiwa na dokezo, ilhali kwenye kampuni meneja mmoja huamua siku hiyo hiyo kwa baruapepe. Si uvivu wa upande mmoja wala pupa ya mwengine: mtumishi anamhofia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, meneja anahofia riba ya mkopo.

Vikaoni, amtazame anayeandika kumbukumbu. Baina ya "ilijadiliwa" na "ilikubaliwa" huweza kupita fedha nyingi, na anayeandika rasimu ndiye anayechagua. Kwa hivyo aiombe kazi hiyo, ingawa wengi huiona ya kidogo, au angalau aisome rasimu kabla haijasambazwa. Aangalie pia lugha. Akiingia mgeni mmoja tu, kikao huhamia Kiingereza, na fundi anayeijua gati kuliko wote hunyamaza. Maoni yake yachukuliwe mapema kwa Kiswahili na yaingizwe kwenye ajenda kwa maandishi.

Takwimu ni suala zito zaidi. Mwendeshaji ndiye mwenye mfumo wa kuhesabu mizigo, na Serikali ikipokea ripoti ya mwezi pekee, itajadili mgao wa mapato kwa hesabu za mwenzake. Haki ya kuuona mfumo wenyewe idaiwe wakati mkataba unaandikwa, kwa sababu baada ya kutiwa saini huombwa kama hisani.

Sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia, hatajwi mkatabani, lakini migogoro ya ardhi hufika kwanza kwake. Aonwe kabla wapimaji hawajaweka bikoni, yaani alama za mipaka.