Mvua ya kwanza ikinyesha, mkague mbwa kabla hujashika jembe

Dodoma hatuna vuli na masika kama wenzetu wa pwani. Tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili. Ikishuka ya kwanza, kila mtu yuko mbioni: mbegu, jembe, ng'ombe wa kulimia, kibarua wa kupalilia. Mbwa na paka hawamo kwenye hesabu. Mwenye nyumba anamkumbuka mbwa siku amelala kibarazani, mgeni anapita na yeye hata sikio halichezi.

Kila msimu naitwa kuangalia wanyama wa namna hiyo, na nimejifunza kutazama kwanza uani kabla ya kumtazama mnyama. Ni kweli mvua huleta kupe na nyoka. Lakini wengi ninaowakuta wameshalegea wamedhurika na kitu tulichokiweka sisi wenyewe: dawa ya ng'ombe, sumu ya panya, unga ulioota ukungu.

Tuanze na kupe, maana ndiye chanzo cha makosa mengi. Kupe wa kahawia anayempenda mbwa haishi majanini tu kama wa ng'ombe. Anaishi nyumbani kwako. Jike akishiba damu huanguka, akatafuta ufa ukutani, akataga humo mayai kwa maelfu. Nyumba za tembe na za tope zenye nyufa ni hoteli yake, hasa ile kona ambayo mbwa hupenda kulalia. Kwa hiyo ukimwogesha mbwa leo na gunia lake kuukuu likabaki palepale, baada ya wiki chache utasema dawa ni feki. Choma lile gunia. Fagia kona yote, ziba nyufa kwa udongo kama unavyosiriba ukuta, kisha ndipo umgeukie mbwa.

Kumkagua si kumpapasa mgongoni. Kunja sikio utazame ndani, tenganisha vidole vya miguu kimoja kimoja, inua mkia, pitisha mkono makwapani na chini ya shingo. Ukimkuta kupe, mkamate kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja bila kumnyonga. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa, na usimpasue kwa kucha kama wafanyavyo watoto. Mtumbukize kwenye kopo lenye spiriti. Halafu fungua mdomo wa mbwa utazame fizi. Za mbwa mzima ni za waridi. Zikiwa nyeupe kama karatasi, au mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, au damu inatoka puani, kupe wameshamwachia ugonjwa wa damu, na hapo kuogesha peke yake hakutoshi. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Sasa dawa yenyewe. Mwaka fulani niliitwa kwenye nyumba moja, nikamkuta paka chini ya kitanda anatetemeka mwili mzima, mate yanachuruzika, miguu ya nyuma inampiga kama mwenye degedege. Baba mwenye nyumba alikuwa ameogesha ng'ombe asubuhi, dawa ikabaki kwenye ndoo, akaona isipotee. Alimwogesha mbwa, kisha paka. Mbwa alikuwa salama. Paka alikufa kabla ya magharibi.

Paka si mbwa mdogo. Ini lake haliwezi kuvunjavunja dawa za jamii ya pairethroidi, zile ambazo kwenye chupa utasoma saipamethrini, deltamethrini au pamethrini, na ndizo zimejaa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Isitoshe, paka hujilamba, kwa hiyo kila kilichopakwa kwenye manyoya kitaingia tumboni. Hata kulala ubavuni mwa mbwa aliyeogeshwa sasa hivi kunaweza kumdhuru, basi watenganishe mpaka mbwa akauke kabisa. Ikiwa limeshatokea, mwoshe paka haraka kwa maji vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mfute, mfunike kwa kitambaa asipigwe na baridi, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo. Kwa mbwa nako usikisie kwa kifuniko cha chupa. Soma lebo: kama mbwa hakutajwa, hiyo si dawa yake. Na watoto wa mbwa ambao hawajatimiza miezi 3 usiwaogeshe kwa dawa kali. Watoe kupe kwa mkono, ni kazi ya dakika kumi.

Nikiwa kwenye dawa, niseme na hili: paracetamol ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua. Huruma ya kummegea nusu kwa sababu "ana homa" imewamaliza wengi.

Msimu wa kupanda ndio pia msimu wa kutega panya, kwa kuwa panya hufukua mbegu ardhini hata kabla hazijaota. Ile sumu nyeusi ya unga wanayochanganya na pumba au dagaa ni fosfidi ya zinki. Ikifika tumboni ikakutana na tindikali hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoua. Watu wetu wana desturi ya kukimbilia maziwa kila mnyama akila sumu. Hapa usimpe maziwa wala chakula, kwa sababu chakula huongeza tindikali na tindikali huongeza gesi. Akitapika, awe nje kwenye upepo, na wewe usimwinamie. Sumu ya punje za rangi ni tofauti: hiyo huzuia damu kuganda, na mnyama anaweza kuonekana mzima siku tatu hadi tano ndipo aanze kuvuja damu. Kwa hiyo usingoje dalili. Chukua pakiti ya sumu uende nayo, kwa sababu dawa ya sumu ya punje ni vitamini K1, na haisaidii kitu kwa ile nyeusi. Maoni yangu, na najua wapo wasiokubaliana nami: nyumba yenye paka mwindaji isitegwe sumu uani. Chagua kimoja. Ukilazimika kutega shambani, mfungie mbwa usiku ule na uokote mizoga ya panya asubuhi na mapema, uifukie.

Kopo la dawa ya shamba lililokatwa likawa bakuli la maji ya mbwa, sina haja ya kulieleza. Liondoe leo. Na mtama na uwele ukianza kukomaa, kwelea kwelea wakaja na serikali ikapuliza dawa kwenye malalo yao, mfunge mbwa siku hizo. Ndege aliyeanguka kwa dawa ni chambo cha bure kwake, na ile dawa hushika mishipa ya fahamu.

Chakula. Ifikapo Januari na Februari ghala limekaribia sakafu, na mahindi yaliyobaki chini ndiyo yaliyopata unyevu. Mama anayachambua, mazuri yanakwenda mashineni, yaliyoota ukungu "tutampikia mbwa". Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nasi tuliokuwa vijijini tukaanza kulijua hilo jina vizuri. Mbwa huathirika na sumukuvu haraka, na kupika hakuiondoi. Tena pumba ndiyo hubeba sehemu kubwa ya hiyo sumu, kwa kuwa ukungu huanzia kwenye ganda na kiini cha punje. Mbwa anayekula uji wa pumba mbovu kila siku ataanza kukataa chakula, kisha atapike, kisha fizi na weupe wa macho vigeuke njano. Akifika kwenye njano, ini limekwisha kuharibika vibaya. Nafaka yenye ukungu isimfikie mtu, kuku wala mbwa.

Zabibu je? Hili huwashangaza wakulima wetu wa Mpunguzi na Hombolo, kwa kuwa mbwa huzurura katikati ya mistari ya mizabibu siku zote. Lakini zabibu, mbichi au kavu, huweza kuzima figo za mbwa. Si kila mbwa anayezila hudhurika, na hakuna idadi unayoweza kusema ni salama, ndiyo maana jirani atakwambia wake anakula na yuko hai. Wakati wa kuvuna, makapi na mashada yaliyodondoka yasirundikwe mahali mbwa analala. Ukimwona ametapika zabibu na tangu hapo hakojoi vizuri, usilale na jambo hilo.

Nyoka nitamtaja kwa kifupi. Fyeka majani mita kadhaa kuzunguka nyumba, usirundike matofali wala kuni karibu na banda. Mbwa aliyetemewa machoni na swila, mmiminie maji safi mengi kwa robo saa nzima, usimtie dawa ya mitishamba. Aliyeumwa na kifutu huvimba uso au mguu: usichanje wala kunyonya, usimfunge kamba, mbebe asitembee.

Ardhi yenye unyevu hufufua minyoo, na mingine hupenya ngozi ya nyayo, ya mbwa na ya mtoto wako anayecheza peku. Mpe mbwa mkubwa dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3, watoto wake kuanzia wiki ya pili. Ukichinja mbuzi, mapafu na maini yenye malengelenge ya maji yafukie. Ukimtupia mbwa unaanzisha mzunguko wa tegu ambaye mwisho wake unaweza kuwa kwenye ini la mtu wa nyumbani mwako.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ingefaa iwe imeshafanyika kabla ya mvua, kwa sababu kilimo kikianza hakuna wa kumpeleka mbwa. Kama ulipitwa, nenda kwa afisa mifugo wa kata umuulize siku ya chanjo, paka naye umchukue. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi 3, kisha anarudiwa kila mwaka. Mpeleke kwa kamba, si kwa mnyororo mfupi unaomtia hasira, na umkabidhi mtu mzima anayemjua. Paka mtie kwenye kapu au gunia jepesi lililofungwa mdomo, la sivyo atakurudia nyumbani kabla yako.

Mbwa akimng'ata mtu, osha jeraha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha nenda kituo cha afya bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Mbwa naye usimuue kwa hasira. Kama anaweza kufungwa salama, afungwe siku 10 mtaalamu amwangalie. Kadi ya chanjo yake iwe mahali unapoweza kuifikia usiku, kwa sababu muuguzi ataiulizia. Nyumba moja niliwakuta wameichomeka kwenye paa la jiko, imekauka kwa moshi lakini tarehe inasomeka.