Jinsi ya kupata aldehaidi kutoka kwenye alkoholi bila kuishia na siki

Wadau wa maabara, tuanze na kosa langu. Mara ya kwanza natengeneza ethanali (aldehaidi inayotokana na ethanoli) ilikuwa Februari, mnajua joto la Dar mwezi huo, nimekaa nasubiri flaski ijae, mwisho wa siku nimeambulia harufu tu. Ethanali inachemka kwenye nyuzi 21 hivi na chumba chetu kilikuwa zaidi ya 30, sasa ingekaaje?

Kwa hiyo kabla ya kemikali tafuta barafu. Ile ya soko la Feri ya kuhifadhia samaki inafaa kabisa, iponde uchanganye na chumvi, flaski ya kupokelea izame humo. Na maji ya kondensa (bomba la kupozea mvuke) usitegemee tenki la juu ya paa, saa saba mchana yanatoka kama ya chai, zungushia maji ya ndoo yenye barafu.

Haya, pasha asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, halafu dondoshea taratibu mchanganyiko wa ethanoli na potasiamu daikromati (ndiyo inayooksidisha), ethanoli iwe nyingi kuliko daikromati. Rangi itatoka chungwa kwenda kijani. Hapo ukeneke palepale, yaani aldehaidi ikizaliwa tu iondoke, maana ukiiacha ichemke kwa reflaksi, yaani mvuke unapozwa na kurudi flaskini, inashika maji, inaoksidishwa tena na unapata asidi ya ethanoiki, ndo siki yenyewe. Ndo maana Corey na Suggs mwaka 1975 walileta PCC (piridiniamu klorokromati), kioksidishi kinachofanya kazi kwenye daiklorometheni bila maji so aldehaidi inabaki aldehaidi. Ila bado ni kromiamu, inasababisha kansa, vaa glovu na mabaki weka kwenye chupa yake usimwage sinki.

Ukitaka ketoni mambo ni mepesi, alkoholi ya pili (yaani kaboni yenye OH imeshikana na kaboni mbili) ikishafika ketoni inasimama, haioksidishwi zaidi kirahisi. Mimi napenda njia ya dawa ya kufulia, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, chukua isiyo na manukato. Mfano saikloheksanoli, ambayo ni alkoholi ya pili: gramu 5 ni kama moli 0.05, dawa yenye haipokloraiti asilimia 3.5 unahitaji kama ml 107, mimi naweka 130 kwa sababu chupa ikikaa juani dukani nguvu inapungua. (Saikloheksanoli inaganda chini ya nyuzi 25, wenzetu wa baridi wanaipasha kwanza, sisi inamiminika yenyewe, joto nalo lina faida yake.) Changanya na asidi ya ethanoiki kidogo, dondoshea dawa huku unakoroga, ukiona joto linapanda sana weka barafu chini ya flaski. Fanya ndani ya kabati la hewa (lile la maabara linalovuta mvuke nje) tu, dawa ikikutana na asidi inatoa klorini, sio kitu cha kujaribia jikoni. Karatasi ya wanga na iodaidi ikiwa bado inageuka bluu mwishoni, ua mabaki kwa sodiamu baisalfaiti.

Njia ya Swern, nayo ya kuoksidisha alkoholi, kwangu naiacha, inataka nyuzi hasi 78 na inanuka kabichi iliyooza jengo zima.

Kuhakikisha umepata nini, DNP (2,4-dainitrofenilihaidrazini) inatoa mashapo ya njano au chungwa kwa aldehaidi na ketoni zote mbili, kitendanishi cha Tollens kinatoa kioo cha fedha kwa aldehaidi tu. Hicho kitengeneze siku hiyohiyo na ukimaliza kiharibu kwa asidi, kikilala kabatini kinaweza kulipuka.