Somo: Kupima ATP ya vijidudu, maji ya mkondo na visima vya Lamu

ATP ni nishati taslimu ya chembe hai. Chembe ikifa, ATP yake huvunjika upesi, kwa hiyo kipimo hiki huhesabu walio hai, si mizoga. Ugumu wote uko katika sekunde chache kati ya kichujio na bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike.

1. Chota kwa chupa iliyosuuzwa kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, kisha maji safi. Vaa glavu, kwani hata jasho la kidole lina ATP. Pitisha maji kwenye wavu wa maikromita 200 ili mabuu ya kamba yabaki nje.

2. Chemsha bafa ya Trisi (milimola 20, pH 7.75) kabla hujaanza kuchuja, mililita 5 kila tyubu, ndani ya sufuria ya maji yanayotokota. Hapa tuko usawa wa bahari, nyuzi 100 unazipata bila shida.

3. Chuja mililita 250 kwa kichujio cha maikromita 0.2, pampu ikivuta taratibu. Kichujio kisikauke: vijidudu vikibanwa vinatumia akiba yao. Kingali na unyevu, kikunje kwa koleo na ukitumbukize kwenye bafa, dakika 5. Bafa ya moto tu, isiyotokota, huacha vimeng'enya vya chembe vikila ATP unayoitafuta. Hapa ndipo wengi huharibu.

4. Poza kwenye barafu. Kama hupimi leo, gandisha nyuzi -20.

5. Changanya mikrolita 100 za sampuli na 100 za mchanganyiko wa lusiferini na lusiferasi, kimeng'enya cha kimulimuli kinachotumia ATP kuiwasha lusiferini itoe mwanga. Vyote viwe nyuzi 25. Chumba kikiwa na joto la kaskazi, weka tyubu kwenye beseni la maji uliyoyapoza. Soma mwanga kwa sekunde 10. Pima pia kichujio kitupu, utoe namba yake.

Hesabu: linganisha mwanga wako na ule wa ATP ya kiasi unachokijua; ukipata nanogramu 20 kwa mililita, mara mililita 5 za bafa ni 100, gawa kwa lita 0.25, ni nanogramu 400 kwa lita. Kwa makadirio ya kaboni hai, zidisha kwa 250: maikrogramu 100 kwa lita.

MASWALI

— Mwalimu, maji ya bahari yananipa mwanga hafifu kuliko ya kisima cha Shela. Ndiyo kusema kisima kina vijidudu zaidi?

Si lazima, ndugu yangu. Chumvi iliyobaki kwenye kichujio huidhoofisha lusiferasi. Ongeza ATP ya kiasi unachokijua kwenye sampuli ileile. Kama kwenye bafa safi inaongeza 4,000 na kwenye sampuli yako 2,000 tu, nusu ya mwanga imezimwa. Zidisha jibu kwa 2.

— Na tope la mikoko?

Usilichuje. Udongo hushika ATP na maji yake ya kahawia humeza mwanga. Tumia asidi ya fosforiki kuitoa, na kipimo cha kuongeza ATP usikiruke hata mara moja.

— Itanionyesha kama kisima kimeingiwa na maji ya choo?

La. ATP haina jina la mwenyewe. Kwa hilo otesha bakteria wa kinyesi.