Prado ya dizeli iliyotumika: ikague injini ikiwa baridi

Hatua ya 1: Angalia safari zako

Kama kwa siku unakwenda kilomita tano kwenye foleni na kurudi, nunua ya petroli. Dizeli za kisasa zina DPF, chujio la masizi ndani ya ekzosi, na chujio hilo hujisafisha likipata joto la mwendo mrefu. Ukikaa kwenye foleni masizi hayaungui, kompyuta inaongeza dizeli ili yaungue, na sehemu ya dizeli hiyo inashukia kwenye oili. Kipimio cha oili cha Mazda CX-5 ya dizeli kina alama ya X juu ya alama ya kujaa kwa sababu hiyo hiyo: oili ikifika pale, imwage. Oili inayopanda yenyewe si neema.

Hatua ya 2: Soma namba ya chasisi kabla hujaangalia rangi

Herufi KZJ ni injini ya 1KZ-TE, KDJ ni 1KD-FTV, GDJ ni 1GD-FTV. 1KZ ni rahisi kwa fundi wa mtaani, ila ikichemsha mara moja tu silinda hedi yake ya aluminiamu (sehemu inayofunika silinda kwa juu) inaweza kupasuka. 1KD inavuta vizuri na inakula mafuta kidogo, lakini inataka uangalizi wa nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda. 1GD ina cheni badala ya taimingi belti, na nyingi zina DPF, kwa hiyo rudi hatua ya kwanza. Kwa gari la kila siku linalotoka mjini mara kwa mara, chaguo langu ni 1KD iliyotunzwa.

Hatua ya 3: Washa injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji unakuja saa moja asubuhi na gari lisiwashwe. Ukifika, gusa injini kabla hujasalimia vizuri. Ikiwa ya moto, ahirisha hadi kesho. Hata kama dalali ana haraka, usilegeze hapa: injini ikishapata moto, magonjwa mengi ya dizeli hujificha.

Kabla ya kuwasha, minya mpira wa juu wa rejeta. Gari lililolala usiku mzima linatakiwa kuwa na mpira laini. Ukiwa mgumu, kuna gesi ya silinda inayoingia kwenye maji: gasketi ya hedi imekwisha au hedi imepasuka. Fungua rejeta (ikiwa baridi tu!) uangalie kama kuna utando wa oili. Maji matupu yasiyo na kulanti (dawa ya rejeta) ni dalili kwamba gari linaongezwa maji kila siku.

Sasa washa ufunguo, subiri taa ya hita plagi (plagi zinazopasha silinda joto) izime, ndipo upige starta. Injini nzima inashika ndani ya sekunde moja au mbili. Mtu mwingine asimame nyuma aangalie moshi:

- Mweupe wa sekunde chache asubuhi yenye baridi si neno. Ukiendelea na kunuka dizeli mbichi, ni nozeli au kompreshini (mgandamizo wa silinda) iliyopungua.
- Mweupe mzito huku maji yanapungua ni gasketi.
- Wa bluu ni oili inayoungua: ringi, sili za valvu au turbo.
- Mweusi ukikanyaga mafuta unaweza kuwa chujio la hewa tu, kwa hiyo usiukatie tamaa upesi.

Kwa 1KD sikiliza pia mlio wa "chu, chu, chu" juu ya injini. Hizo ni washa (pete bapa) za shaba chini ya nozeli, zinavuja. Gesi inapita, inachafua oili, na masizi yanaziba kichujio cha kuvuta oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Presha ya oili ikishuka, beringi zinakufa, na injini inafuata. Washa zenyewe ni bei ndogo. Injini ndiyo ghali. Ukiwa na shaka, lipa fundi afungue sampu aangalie kile kichujio. Muuzaji akikataa, ondoka.

Injini ikishapata moto, fungua kifuniko cha oili na ukiweke juu ya tundu bila kukikaza. Kutikisika kidogo ni kawaida kwa dizeli. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimechoka.

Hatua ya 4: Mashine ya kupima

Hii ni kwa 1KD na 1GD. Vifaa vya bei rahisi vya Bluetooth vya kusoma kompyuta ya gari havitoshi. Tafuta fundi mwenye Techstream, programu ya Toyota ya kupima magari, asome marekebisho ya nozeli (dizeli ambayo kompyuta inamwongezea au kumpunguzia kila nozeli), injini ikiwa ya moto na AC imezimwa. Namba ziwe kati ya -3 na +3. Moja ikiwa mbali na wenzake, hesabu gharama ya nozeli hiyo.

Hatua ya 5: Endesha

Nusu saa, na mlima uwemo, AC ikiwa imewashwa. Mshale wa joto usipande.

Hatua ya 6: Belti na bei

Kwa 1KZ na 1KD, taa ya T-BELT, inayokumbusha kubadili taimingi belti, inaweza kufutwa bila belti kubadilishwa, kwa hiyo usipoonyeshwa risiti, chukulia haijabadilishwa. Kitabu kinaruhusu hadi kilomita 150,000. Kwa gari usilojua historia yake, badili siku ileile unapomwaga oili (karibu lita 7) na kuweka chujio jipya la dizeli. Gharama zote hizo zikatwe kwenye bei kabla hujatoa pesa.